Mukate na vidole vitatu: maneno yetu kwa vijana kuhusu filamu za Hunger Games na zingine za namna hiyo



Tumeitana juu ya jambo ambalo wengine watasema ni la michezo. Inchi iko katika shida, na vijana wanakusanyika kuzungumuza filamu za Marekani? Ndiyo. Sababu ni moja: ndani ya kikundi chetu kumeingia maswali mawili, na yote mawili yamepitia kwenye filamu. Wenzetu wamoja wameomba tuchukue alama ya vidole vitatu, ile ya Katniss katika Hunger Games, iwe alama yetu tukitembea barabarani. Wengine wamekwenda mbele zaidi. Wanasema ile filamu inaonyesha wazi kwamba bila silaha hakuna mutawala mubaya anayetoka. Swali la kwanza ni dogo. La pili ni kubwa sana, juu linaweza kumufikisha kijana kaburini, au kumufanya afikishe wengine kaburini. Tumeona ni vizuri tujibu yote mawili kwa wazi, mbele ya kila mutu, na maneno haya tuyaweke pale wale hawakufika watayasoma.

Hatukuja kukataza mutu filamu. Siye wenyewe tunazipenda. Tumeziona kwa Kifaransa, tumeziona kwa telefoni kidogo kidogo wakati umeme ulirudi, na wamoja wetu wameziona katika salle ya video, mutafsiri akiongeza maneno yake kwa Kiswahili hadi Katniss anakuwa sawa vile musichana wa kartie yetu. Ni vizuri hivyo. Lakini mutu anayependa kitu akiulize pia maswali.

Tuanze na hadithi yenyewe, juu ya wale hawajaiona. Mwandishi ni Suzanne Collins, mwanamuke wa Marekani. Kitabu cha kwanza kilitoka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010. Kuna inchi ya kuwaziwa inaitwa Panem. Katikati kuna muji mutajiri, Capitol, na kuizunguka kuna wilaya 12 zinazofanya kazi juu yake. Zamani wilaya ziliasi zikashindwa. Kwa kuwaazibu, kila mwaka kila wilaya inatoa mutoto mwanaume na mutoto mwanamuke, wa miaka 12 hadi 18. Wale watoto 24 wanaingizwa pahali pamoja, wauane mpaka abaki mumoja. Mambo yote yanapita kwa televisheni, na watu wanalazimishwa kutazama. Katniss ana miaka 16. Anatoka wilaya ya 12, wilaya inayochimba makaa. Anajitolea kuingia pahali pa mudogo wake, Prim.

Katika kitabu, ile wilaya inayochimba makaa inapata umeme saa chache tu. Hapa Congo hatuna lazima ya kueleza jambo hilo kwa murefu.

Collins amesema wazo lilimujia usiku mumoja akibadilisha chaneli za televisheni: huku vijana walikuwa wakishindana katika muchezo wa kupata zawadi, kule kulikuwa picha za vita ya Irak, na vile vitu viwili vikachanganyika katika akili yake. Baba yake alikuwa askari katika vita ya Vietnam. Na jina Panem limetoka katika maneno ya zamani ya Waroma, mukate na michezo: umupe mutu chakula kidogo na kitu cha kutazama, atasahau kuuliza nani anatawala na namna gani. Kumbukeni ule mukate, tutarudi kwake.

Yeye hakuwa wa kwanza. Huko Japani, Koushun Takami alitoa Battle Royale 1999, na filamu ikafuata 2000: wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kwenye kisiwa na serikali yao ili wauane. Wabunge wamoja wa Japani waliilalamikia ile filamu. Lakini aliyeitengeneza, Kinji Fukasaku, alijua alichosema. Akiwa na miaka 15, wakati wa vita ya pili ya dunia, alifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Kiwanda kilipopigwa mabomu, yeye na watoto wenzake ndio walichukua maiti za wenzao. Na Marekani, Lois Lowry alikuwa ametoa The Giver 1993, kitabu ambacho wasomaji wa Kifaransa wanakijua kwa jina Le Passeur: inchi yenye amani kubwa, isiyo na njaa wala vita, lakini watu wake wamenyanganywa kumbukumbu ya mambo ya zamani, na yule anayesumbua anauawa kwa neno tamu. Filamu yake ilitoka 2014.

Hadithi hizi tunaweza kuziita hadithi za dunia iliyoharibika. Wanachukua uovu uliopo tayari, wanaukuza, wanauweka katika inchi isiyokuwa, ili mutu aone kile amekizoea. Kitabu kizuri cha namna hii hakisemi yatakayokuja. Kinasema yaliyopo.

Sasa, kitabu kikifanywa filamu, nini kinaongezeka na nini kinapotea? Tuchukue filamu ya kwanza, ile ya 2012 ya Gary Ross, Jennifer Lawrence akicheza Katniss. Tuseme kwanza kile ilifanya vizuri. Katika kitabu, Katniss mwenyewe ndiye anasimulia, na hatuoni kitu ambacho yeye haoni. Filamu ilitoka inje ya kichwa chake ikatuonyesha chumba cha wale wanaoongoza Michezo. Watu safi, wenye nguo nzuri, wameketi mbele ya mashini, wanabonyeza, na kule porini moto unamufuata mutoto. Mumoja anatengeneza munyama wa kuua watoto, na mukubwa wake anafurahia kazi. Hakuna anayepiga kelele. Pale filamu imeshinda kitabu. Inatufundisha kwamba uovu mukubwa mara nyingi ni kazi ya ofisi, iko na masaa ya kuingia na ya kutoka, na wanaoifanya wanarudi nyumbani kula pamoja na watoto wao.

Lakini angalieni kile kilipotea.

Cha kwanza ni hesabu ya njaa. Katika kitabu, jina lako linaingia katika kura mara moja ukiwa na miaka 12, mara mbili ukiwa na 13, na kuendelea hivyo. Lakini ukiwa maskini, unaweza kuomba unga na mafuta ya mwaka moja kwa mutu moja, chakula kidogo sana, na kwa kila fungu unaongeza jina lako mara moja tena. Unaweza kuomba juu ya kila mutu wa nyumba yenu. Na majina hayaondolewi, yanajumulishwa kila mwaka. Ndiyo maana jina la Katniss limo mara 20, na la rafiki yake Gale mara 42. Kwa sheria, kura ni ya wote. Kwa kweli, ni ya wenye njaa. Na Gale anaona hata zaidi: anasema mupango huo uliwekwa ili wenye njaa wachukie wale wenye kula kidogo katika wilaya moja, na wote wasahau Capitol. Filamu inapita juu ya jambo hilo kwa maneno mawili matatu. Mutazamaji anabaki akifikiri ni bahati mbaya tu, wakati kitabu kinasema ni mupango. Kwa siye tunaofanya kazi ya uraia, tofauti kati ya bahati mbaya na mupango ndiyo kazi yetu yote.

Cha pili ni kumbukumbu. Ile picha ya ndege ya zahabu ambayo Katniss anavaa kifuani, katika filamu anaipata sokoni. Katika kitabu anapewa na Madge, binti wa meya. Baadaye tunajua ilikuwa ya mama mudogo wa Madge, musichana aliyepelekwa katika Michezo ya 50 akafia kule. Kwa hiyo ile alama ambayo inchi nzima itakuja kuifuata ilitoka kwa mutoto aliyekufa miaka 24 mbele. Filamu ilimutoa Madge, na yule mutoto akatoka naye. Alama ikabaki mapambo mazuri, bila jina la mutu nyuma yake.

Cha tatu ni mukate. Hapa tunaomba musikilize vizuri. Rue ni musichana wa miaka 12, wa wilaya ya 11, wilaya ya mashamba. Anafanya urafiki na Katniss, kisha anauawa. Katniss anamufunika maua. Katika filamu, wakati ule ule tunaona watu wa wilaya ya 11 wanapandwa na hasira, wanavunja, wanaangusha magunia, askari wanakuja kuwapiga. Ni picha ya nguvu, salle yote inasimama. Katika kitabu jambo hilo halimo. Katika kitabu, watu wa wilaya ya 11 wanamutumia Katniss mukate. Mukate moja! Lakini kutuma zawadi mule ndani ni bei kali sana. Wale watu ni maskini sana. Walikuwa wamechanga juu ya Rue wao, na Rue alipokufa walichagua kumupa mutoto wa wilaya ingine. Haijaonekana hivyo mbele yake.

Muone ile kazi. Ili mukate ufike, lazima mutu mumoja alipita nyumba kwa nyumba. Lazima mwingine alishika zile franka na hakuzikula. Lazima walikutana, wakabishana, wakakubaliana, bila askari kujua. Wamama wa likelemba hapa nyuma wanaelewa kuliko siye wote. Hasira inaonekana katika kamera, lakini muchango hauonekani. Ndiyo maana filamu iliweka hasira. Hatusemi hasira ni mubaya. Tunasema: hasira inadumu siku moja, na wale wanaojua kuchanga mukate ndio watakuwa bado wamesimama siku ya 40.

Na pesa je? Nayo tuiseme. Filamu nne za kwanza za Hunger Games ziliingiza katika dunia nzima zaidi ya dola miliardi 2.9. Kitabu cha tatu kilikatwa vipande viwili, filamu moja 2014, ingine 2015, juu tiketi mbili zinazidi tiketi moja. Ili watoto wadogo waweze kuingia, mauaji yalionyeshwa haraka haraka. Uingereza walitoa sekunde 7 za damu ili watoto wa miaka 12 waruhusiwe. Na filamu ya pili ilipotoka, 2013, kampuni moja ya urembo ikauza poda na rangi za midomo kwa jina la Capitol. Mumesikia vizuri? Capitol! Kitabu kinachosema watu wa muji mutajiri wanajipamba wakati watoto wanauawa, kikawa nafasi ya kuuza mapambo.

Filamu zingine zilifuata ile njia ya pesa, zikaanguka. Divergent, kitabu cha Veronica Roth, watu wa Chicago wamegawanywa katika makundi matano: filamu ya kwanza 2014, ya pili 2015, ya tatu 2016. Kitabu cha mwisho nacho walikikata vipande viwili. Lakini filamu ya tatu haikupata watazamaji wa kutosha, na ya ine haikutengenezwa hata leo. Katika kitabu, yule musichana, Tris, anakufa mwisho. Wale waliofuata filamu peke yake hawakufika pale, na mambo yakabaki katikati ya njia. Somo ni rahisi: hadithi ya ukombozi ikiwa mukononi mwa mufanya biashara, atakupeleka mpaka pale faida yake inaishia.

Sasa tufike kwenye vidole vitatu.

Katika kitabu, ni vidole vitatu vya katikati vya mukono wa kushoto: unavigusa kwa midomo, kisha unavinyoosha kwa yule unayemutazama. Ni desturi ya zamani ya wilaya ya 12, karibu imesahaulika, mara ingine inaonekana kwenye matanga. Maana yake ni asante, ni heshima, ni kwaheri kwa mutu unayemupenda. Haikuwa alama ya vita. Watu wanaifanya wakati Katniss anajitolea juu ya mudogo wake. Ni serikali ndiyo inaigeuza kuwa kosa: katika kitabu cha pili, muzee wa wilaya ya 11 anapiga mulunzi wa Rue, umati unanyoosha vidole, na yule muzee anapigwa risasi mbele ya watu.

Halafu alama ikatoka katika filamu ikaingia duniani. Tarehe 22 Mei 2014, jeshi la Thailand lilifanya kudeta, likiongozwa na Jenerali Prayuth Chan-ocha. Likakataza watu kukusanyika wakiwa watano au zaidi. Siku chache nyuma, vijana wa Bangkok wakaanza kunyoosha vidole vitatu. Jeshi likatangaza kwamba anayefanya hivyo anaweza kukamatwa. Mwezi wa 11, mwaka ule ule, wanafunzi watano katika muji wa Khon Kaen walisimama mbele ya Prayuth akitoa hotuba, wakanyoosha vidole. Wakakamatwa. Juma lile filamu ya tatu ilikuwa inaanza kuonyeshwa, na salle zingine za Bangkok zikaiondoa. Fikirini: serikali yenye vifaru inaogopa vidole vitatu na tiketi ya sinema.

Lakini tusiishie katika furaha ya pale. Prayuth alibaki waziri mukuu mpaka 2023. Vijana wa Thailand walirudi barabarani 2020, hata wanafunzi wa sekondari walinyoosha vidole wakati wa kupandisha bendera, na wengi wao walifikishwa mbele ya mahakama. Alama iliwafanya wajuane. Peke yake haikutosha kumutoa mutu.

Myanmar, jeshi lilichukua utawala tarehe 1 Februari 2021. Ndani ya siku chache, waganga na wauguzi walikuwa wanapiga picha mbele ya hospitali, vidole vitatu juu. Tarehe 26 mwezi ule, Kyaw Moe Tun, balozi wa inchi yao, alinyoosha vidole vitatu mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, akikataa jeshi lililofanya kudeta. Dunia iliona mukono. Wengi hawakuona kile kilikuwa chini ya mukono: mugomo. Waganga, walimu, wafanyakazi wa gari la moshi, wafanyakazi wa benki waliacha kazi na mushahara. Na ili waweze kuacha kazi, majirani walichanga chakula juu yao. Tunarudi kwenye mukate.

Jeshi lilijibu kwa risasi. Wengi walikufa barabarani, na vijana wengi wakakimbilia porini kuchukua silaha. Vita ikaenea katika inchi. Hatuko na haki ya kuketi hapa na kuwahukumu. Tunalisema juu ni kweli, na mutu asiwadanganye kwamba njia yetu haina damu. Iko na damu, mara nyingi ni ya kwetu.

Na hapa ndipo swali la pili linaingia, lile la silaha. Wenzetu wanaosema Hunger Games inafundisha silaha, tunawaomba waangalie tena filamu ya mwisho, na wakipata kitabu chenyewe wakisome. Juu pale filamu haikupunguza kitu kikubwa.

Waasi wako na raisi wao, Coin, mwanamuke wa wilaya ya 13. Wanamutumia Katniss kama sura: wanamuvalisha, wanamupiga picha, wanamuandikia maneno. Mwisho wa vita, Capitol imezungukwa. Watoto wa Capitol wamewekwa mbele ya nyumba ya Raisi Snow. Kutoka hewani vinaanguka vifurushi vidogo, sawa vile vya zawadi. Watoto wanavishika. Vinalipuka. Waganga wa upande wa waasi wanakimbia kuwasaidia, na Prim yuko kati yao. Kisha vinalipuka mara ya pili. Prim anakufa: yule mutoto ambaye hadithi yote ilianza juu ya kumuokoa. Na ule mutego, kulipua mara ya kwanza, kungojea wenye huruma wafike, kisha kulipua tena, ulikuwa umewaziwa na Gale, rafiki wa Katniss, upande wetu! Kisha Coin anauliza: tufanye Michezo moja ya mwisho, safari hii na watoto wa Capitol? Siku ya kumuua Snow, Katniss anageuza mushale. Anamupiga Coin.

Collins, binti wa askari, hakuandika vitabu vitatu ili kusema silaha inaleta uhuru. Aliandika kwamba silaha inaweza kumutoa Snow na kuleta Coin.

Je, Mukongomani anahitaji kufundishwa hilo na Marekani? Kati ya 1996 na 1997 watoto wa inchi hii walitembea kwa miguu kutoka mashariki mpaka Kinshasa, na bunduki ndefu kuliko wao. Tuliwaita kadogo. Jina la upendo, sawa vile unaita mudogo wako. Mobutu alitoka, kweli. Na nyuma yake tulihesabu nini? Vita juu ya vita. Kadogo wengine wako hapa muji huu, wamekuwa wababa, na usiku hawalali vizuri. Kwa mutazamaji wa mbali, mutoto wa miaka 12 mwenye silaha ni hadithi ya dunia iliyoharibika. Kwetu ni mutu wa jamaa.

Basi majibu yetu ni haya.

Juu ya silaha: hapana. Hapana leo, hapana kesho, na yule anayeona tumekosea yuko huru kutuambia hapa mbele ya wote, lakini asitumie jina letu. Hatuwaiti wenye kuogopa wale wanaofikiri namna ingine. Tunasema tu kwamba hatuwezi kudai maisha ya watu kwa njia inayoomba kwanza maisha ya watoto. Na hata katika matembezi yetu ya amani, mutoto hawekwi mbele. Hata akiomba mwenyewe. Katniss alijitolea ili mutoto asiende. Hatutafanya kinyume kisha tuvae alama yake.

Juu ya vidole vitatu: hatuichukui kama alama ya kikundi. Atakayeinyoosha juu ya kumuheshimu mwenzetu aliyekufa, hatutamukatalia. Ndiyo maana yake ya kwanza. Lakini alama inayotushika iwe na majina yetu nyuma yake. Ile ndege ya zahabu ilipoteza nguvu pale walitoa jina la yule mutoto wa zamani. Siye tuko na majina mengi, na mengi bado hayajaandikwa popote. Tunaomba kila kartie ichague watu wawili watakaoanza kuandika: nani aliuawa, siku gani, wapi, nani aliona. Iandikwe vizuri, ihifadhiwe zaidi ya pahali pamoja. Ile kazi haina muziki wala kamera. The Giver inatuambia kwa nini ni lazima: inchi iliyonyanganywa kumbukumbu inaweza kuua mutu kila juma na kuita jambo hilo kwa neno zuri.

Na juu ya mukate: kuanzia mwezi huu, kila kikundi cha kartie kitakuwa na sanduku la muchango. Franka 500, franka 1,000, kila mutu kwa uwezo wake, na asiye nayo alete chakula. Ni juu ya jamaa za wenzetu wanapokamatwa: chakula cha gerezani, njia ya wakili, masomo ya watoto. Watashika sanduku watu watatu, wamama wawili na kijana mumoja, na hesabu itasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Asiyeweza kusoma hesabu mbele ya wote, asishike sanduku.

Kuhusu filamu, tuendelee kuzitazama. Kila mwezi moja, tukipata umeme. Lakini kuanzia sasa, mbele ya filamu, mutu mumoja atakuwa amesoma kitabu, hata kwa telefoni, na atatusimulia kile kilikatwa. Tukizoea kuuliza filamu nini kimekatwa, tutazoea kuuliza vile vile habari za redio, hotuba za wakubwa, na hata maneno haya yetu.

Maneno yetu yameishia hapo.  Wale walioleta maswali yale mawili wako hapa, na ni wao watasema wa kwanza. Mupitishe kikapo cha sanduku la kwanza wakati wanasema.